Gari la Mwalimu

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa seremala na mshona nguo. Mimi ninayewasomea ni kitindamimba. Alimaliza darasa la saba mwaka 1970 na akafaulu kuendelea, lakini baba aliugua akawa wa kitandani, naye kaka akashika spana ili sisi wadogo tushike kalamu.

Mwaka 1979 alifungua gereji nyuma ya kiwanda cha matofali, akanipokea huko kalamu iliponishinda. Alipenda magari ya zamani. Gari likija, alinusa moshi kwanza, mwenye gari akasalimiwa baadaye. Alimwoa shemeji tarehe 6 Juni 1981, na hata siku ile alichelewa, yuko chini ya gari la bibi harusi. Shemeji hajamaliza kumgombeza mpaka leo.

Karatasi mlizoshika zinasema kwamba katika kazi yake yote aliharibu gari moja tu. Niliandika mimi, na ni uongo.

Mwaka 2009 mwalimu mstaafu, ambaye yuko nasi hapa, alituletea gari aliloachiwa na marehemu mumewe. Kazi nilipewa mimi: kubadilisha gasketi ya kichwa cha injini, ile inayozuia maji yasiingie kwenye silinda. Baada ya wiki mbili likarudi linatoa moshi mweupe. Maji yanapungua, na chini hakuna hata tone. Kaka akafungua plagi. Tatu zilikuwa nyeusi, ya silinda ya tatu safi kama imeoshwa. Akajaza presha kwenye rejeta, tangi la maji ya kupozea injini, tukanywa chai, kisha akaniambia nizungushe injini. Maji yakaruka kutoka tundu la tatu. Tulipofungua, ukuta wa silinda ulikuwa umepasuka kwa joto, na gasketi ilikuwa ileile kuukuu. Mpya ilichelewa kufika, mimi nikairudisha ya zamani, nikanyamaza.

Kaka aliniangalia, halafu akatoka nje kwa mwalimu.

“Mama, nimekosea mimi. Injini hii haitapona.”

Mwalimu alilia. Wateja wakapungua, mtaani wakasema fundi amezeeka. Mimi nilikuwa mlangoni nafuta mikono. Niliona aibu, lakini woga ulizidi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Hospitalini nilimwambia nitakwenda kwa mwalimu nikaseme kweli.

“Usiende kwa ajili yangu, mdogo wangu,” alisema. “Mimi nilishasahau. Wewe ndiye unayeumia.”

Nilimwahidi kwenda Jumatano. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada wawili, na mimi.

Mwalimu, umekuja kumzika mtu uliyeamini kuwa ndiye aliyeua gari la mumeo. Kama moyoni bado una kinyongo, nakuomba mbele ya watu wote hawa: kiondoe kwake, ukiweke kwangu, ili kaka yangu apumzike kwa amani.