Kuku Haina Maziwa

Mchana ule wa Jumapili, kwenye benchi ya mtaa wa Nguba, kando ya ziwa, kahawa ya Donatien ilikuwa imepoa bila kuguswa. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi ya kupika kwa Madame Djoya, mjane Myahudi wa mtaa wa Muhumba. Kwa kutaka kumfurahisha, siku hiyo saa sita alimpikia kuku, akamiminia jibini juu. Mama mzee alisukuma sahani, akasema dini yake inakataza nyama na maziwa pamoja, akajifungia chumbani.

— Kesho atanifukuza, Donatien alisema.

Philémon, katekista waliyemwita Paragraphe kwa kushika kila neno la maandiko, alicheka.

— Hana haki, papa! Musa aliandika mwana-mbuzi asipikwe mu maziwa ya mama yake. Njo vile tu, hakuna ingine. Kuku iko na maziwa?

— Haina, alijibu Donatien, moyo ukitulia kidogo.

— Ngoja kwanza, citoyen Paragraphe.

Huyo alikuwa Honoré, mchimba dhahabu wa zamani kule Luhwindja. Wao walimwita Shimo.

— Kwetu, shimo iko pale, lakini miti ya kuzuia batu tunapanda mbali. Ukifika ku mudomo ya shimo, umechelewa. Walimu ya Wayahudi walifanya vile. Walitenga nyama na maziwa, hata kuku, juu mutu asizoee kuchanganya, kisha akaangukia mu dhambi ya ule mwana-mbuzi.

— Nani aliwatuma? Philémon aliuliza.

— Wanasema Musa alibakisha sheria ingine kwa mudomo. Baba anaambia mutoto.

— Kwa mudomo! Basi watapanda miti mbele ya miti, mpaka kule Uvira hakuna mwenye kula!

— Pengine zamani kuku ilinyonyesha. Wewe ulikuwako?

— Chenye kuruka na kunyonyesha ni popo! Basi Musa alikataza popo!

Kila mmoja aliposema, Donatien alimwona ana haki. Bado hakujua kama angali na kazi.

Eulalie, mke wa Donatien, alitokea sokoni na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, ndani ya kitunga. Alisikiliza kidogo.

— Na ule mama, alikula nini leo?

Philémon alitazama ziwa. Donatien alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni. Tangu saa sita alikuwa akiwaza kazi yake tu.

Alipokea sambaza, akapanda Muhumba hadi kwa mjane. Jikoni hakugusa kitu. Alibisha chumbani.

— Madame, nimeleta samaki. Nikaange mu sufuria gani?

Ufunguo ukazunguka. Madame Djoya alimtangulia jikoni polepole, akashika sufuria ya kwanza kwa mikono miwili, akaanza kumweleza ipi ni ya nyama, ipi ya maziwa.