Udongo wa Zizini

Sogeeni, wanangu, mnikute bado nina ulimi, maana anayeniita hana subira. Stanslaus, acha kuchungulia nje. Ng'ombe ni wenu, wewe na mdogo wako Mageni, na zizi ni lenu, ndivyo mila isemavyo na sitagombana nayo leo. Lakini bustani ya mama yenu ni ya Sikujua. Ndiyo, ya binti, aliyeachika akarudi kwetu. Msigune, sijamaliza.

Mnajua ilivyoanza, ila mmejisahaulisha. Mama yenu Generosa alivunjika nyonga, akawa hawezi kuinama, na mbuga yetu hii nyeusi masika inajaa maji, kiangazi inapasuka, mchicha haupati pa kusimama. Nikabeba makasha matupu ya baruti kutoka mgodini Geita, nikayabandua, nikaunga mbao zake vitalu vilivyoinuka, ili mama yenu apalilie akiwa amekaa kigodani. Kila kitalu nikakigawa miraba kwa kamba ya katani, mraba mmoja dhiraa moja: huu mgagani, huu vitunguu, ule bamia, na ukivunwa mmoja unapandwa kitu kingine. Mkacheka, mkaiita bustani ya kiwete. Lakini mwaka wa njaa, mahindi yalipokauka mashambani, watoto wenu walikuja na bakuli, na Generosa hakumrudisha hata mmoja.

Halafu mkasikia kwenye pombe kwamba udongo wa vitalu vile nimeuchota zizini, alikozikwa babu yenu kama wanavyozikwa wazee wetu wenye kaya, mkasema mimi, Mabula, nawalisha watu baba yangu. Mkangoja niende mnadani Masumbwe. Niliporudi mbao zilikuwa kuni, na mama yenu anatambaa, anakusanya udongo kwa viganja. Kikulacho ki nguoni mwako! Maji yakimwagika hayazoleki, lakini udongo ule Generosa aliuzoa, akauzoa huku analia, na aliyepiga magoti pembeni yake ni Sikujua peke yake. Masika yale yale tukamzika, na Sikujua akaviunga vitalu upya. Nina uchungu nanyi hadi leo, na siwezi kuwadanganya kwa kuwa nakufa.

Nipe maji, Sikujua, mayu, mama yangu wewe. Basi, yatosha.

Najua mnachopanga. Nikishafukiwa mtamfungia dada yenu mlango wa zizi, na bustani bila samadi itakufa kabla matanga hayajaisha. Sasa sikieni. Nizikeni zizini, karibu na mlango, ubavuni mwa baba yangu. Na Sikujua achote samadi hapo hapo juu yangu, kila msimu, asiulizwe na mtu. Ruhusa ni yangu, si yenu. Atakayemzuia amenizuia mimi, na asije akalitaja jina langu siku ya shida yake.

Usilie, Mageni. Siku mama yako alipotambaa hukulia.

Hayo maji... lete tena. Njooni karibu niwapulizie maji ya baraka, wote watatu, kifua hakina nguvu. Mvua iwakute mmepanda. Ng'ombe wazae. Watoto wenu wawazike ninyi, msiwazike wao. Hata wewe, Stanslaus... hata wewe nakubariki, ingawa moyo hautaki.

Njaa itarudi, huwa inarudi. Mtakwenda na bakuli kwa Sikujua. Mayu, usiwanyime. Na ninyi... mle. Mle mkijua mnamla nani.