Bi Somoe na Viwanja vya Kukuziwa

Leo ni Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, na nimeahidi kusema yote, hata yale ambayo Klabu ya Mazingira ingependa yasahaulike. Bi Somoe Marijani, mhudumu wa maabara ya shule yetu hapa Mbagala, anastaafu leo baada ya miaka thelathini na moja.

Alipoanza kazi, vyura wa somo la baiolojia aliwafuata kwenye kinamasi nyuma ya uzio, akarudi kabla chai yake haijapoa. Kisha malori ya kifusi yakaja, nyumba zikasimama palipokuwa na matete. Mwaka huu vyura wetu wametoka Pugu kwa bodaboda, ndani ya ndoo ya rangi. Kinamasi kilichobaki hakizidi uwanja wa mpira, na humo ndimo wanamotagia kukuziwa, wale ndege weusi wenye mdomo mwekundu.

Bi Somoe anajua kila kiota kwa kichwa. Mimi Tupokigwe, katibu wa klabu, niliona hiyo si sayansi. Tukapaka vigingi rangi nyeupe, tukaviandika namba moja hadi kumi na nne, tukachomeka kimoja kando ya kila kiota ili watu wasikanyage. Nilijipongeza kwenye ubao wa matangazo.

Wiki haikuisha, dalali akaja na wateja watatu, akidhani eneo limepimwa viwanja vya kuuza.

“Shikamoo, bi mkubwa. Hii namba saba si ndiyo ya kona?”

“Marahaba. Namba saba ina mwenyewe, yuko kwenye mayai,” alijibu Bi Somoe. “Na wewe ondoa mguu kwenye namba nane.”

Mteja mmoja alikwisha kuita lori la kifusi. Bi Somoe alisimama mbele ya lori hilo na koti lake la maabara mpaka dereva akageuza. Siku hiyo hiyo tuling'oa vigingi vyote. Hakunicheka mbele ya watu. Alisubiri tufike maabara.

Jumatatu afisa ardhi anakuja kuona kama viota vipo kweli, ndipo iamuliwe kinamasi kibaki au kijazwe. Nikimwongoza mimi, atakanyaga viota vyote kumi na vinne kwa mpangilio.

Bi Somoe, asante kwa vyura, kwa uvumilivu, na kwa koti lile. Tunakuombea afya na asubuhi zisizo na kengele. Ila tunaomba jibu leo, kabla hujatoka ukumbini: Jumatatu saa mbili asubuhi utakuja kumwonyesha viota, hata kama hutakuwa tena mtumishi?