Kidonge Kwenye Mchuzi wa Viazi

Kaeni chini wote wawili, na wewe Mkubwa zima hiyo simu, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kushindana na mlio wake. Leo nimerudishwa nyumbani, mgahawa nimeagiza usifunguliwe, hivyo hakuna mteja wa kumsingizia kwamba anakungoja. Karani, binti yangu, sogeza kiti karibu, na usiniulize kama nimekunywa dawa. Sikunywa.

Nyumba hii, chini jiko na meza kumi na moja, juu vyumba hivi, ni yenu nusu kwa nusu. Hilo limeandikwa na kugongwa muhuri mara nne, kwa sababu bwana wa ofisi ya mirathi hakuridhika na mihuri mitatu, nami sikutaka kufa nikimwacha na kinyongo. Mkitaka kugombana gombaneni, ngazi ni pana, mtapata pa kusukumana. Nililowaitia ni jiko.

Miaka thelathini na minane jiko lile limepika kitu kimoja asubuhi, mchuzi wa viazi wa kuliwa na puri za moto, kwa Wahindi wasiokula nyama, wala yai, wala chochote kilichowahi kumwangalia mtu. Hata manispaa ilishindwa kutuelewa. Fomu ya leseni ilikuwa na mstari wa 'Aina ya nyama', na mstari huo haukuruhusiwa kuachwa wazi, basi nikaandika 'viazi', na tangu hapo kila mwaka anakuja mkaguzi wa nyama na koti lake jeupe, anavigeuza viazi vyangu kwa ncha ya kalamu, kisha anaandika kwamba vimechinjwa kwa kufuata taratibu. Nilicheka naye, nikampa puri mbili. Serikali inaruhusiwa kutojua kilichomo kwenye sufuria yangu. Nyinyi hamruhusiwi.

Mkubwa, inua uso. Ijumaa uliniletea mchuzi hospitali kwenye hotipoti. Nilifungua kifuniko tu, nikashtuka. Nikaonja kijiko kimoja, na ulimi ukaniambia: ng'ombe. Nawe ukasema nini? "Baba, ni kidonge kimoja tu cha supu, hata hakionekani, kinayeyuka." Kinayeyuka! Ulitaka kiogelee? "Wateja wanausifu, Baba, wanaomba kuongezewa." Wazee wa watu, ambao tangu wazaliwe nyama haijapita mdomoni mwao, wanakuombea heri huku midomo inang'aa mafuta ya ng'ombe. Siku tisa, mpaka jana! Mwizi angewatoa kitu mfukoni, wakaenda polisi. Wewe umewatia kitu tumboni, waende wapi?

Na wewe Karani usibane midomo kama mtakatifu. Ulijua siku ya pili, ukakimbilia ulichosomea, ukachapa tangazo. Nimelisoma. 'Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, kumejitokeza mabadiliko madogo ya viungo.' Nje ya uwezo wetu! Kidonge kilikuwa ndani ya mfuko wa shati la kaka yako. Na tangazo lenyewe ukalibandika nyuma ya mlango wa choo. Ulinijibu, "Baba, wateja walitaarifiwa." Alitaarifiwa nani, mwanangu, ndoo?

Nipe maji. Kidogo, we, unaninywesha au unaniogesha?

Sasa langu, maana siwezi kuondoka nimewatukana nyinyi tu. Yule mama mjane aliyekuwa na jiko hili kabla yangu, aliyeniajiri nioshe vyombo akanifanya mpishi, alikuwa haonji chakula kikiwa jikoni. Sahani ya kwanza ilikuwa ya Mungu wake, na Mungu hapewi kilichokwisha kuonjwa. Alipika kwa pua na masikio. Nami nikapika hivyo, na wewe Mkubwa nikakukataza kuonja, kwa kukupiga mwiko mgongoni, ila kupika kwa pua sikukufundisha. Kila asubuhi, haradali zikianza kupasuka kwenye mafuta, nilikutuma nje: kalete maji, kaangalie mlango, kamwite yeyote. Ulidhani nakusumbua. Nilikuwa natia mvuje, utomvu ule mkavu unaonuka ukiwa mbichi na kunukia ukigusa mafuta, na sikutaka uone kipimo, kwa sababu mpishi ambaye mwanawe anajua kila kitu huanza kuambiwa akapumzike. Nilipougua, ukapika bila mvuje, wateja wakabakisha kwenye sahani, ukaogopa, ukakimbilia dukani kununua kidonge. Kosa ni lako. Woga nilikupikia mimi.

Na kuna baya zaidi. Ijumaa nilijua. Jumamosi wakala, Jumapili wakala, Jumatatu wakala, nami nimelala kwenye shuka safi nimefunga mdomo, nikichelea isije ikasemwa jiko la mzee limemtangulia mzee kaburini. Siku tatu katika zile tisa ni zangu. Msinifutie.

Basi sikieni ninachowausia. Kesho, kabla jiko halijawashwa, simameni mlangoni wote wawili. Mwalimu mstaafu ndiye hufika wa kwanza. Mwambieni usoni: tulikulisha ng'ombe siku tisa, na baba yetu alijua siku tatu. Bila 'lakini', bila 'kwa bahati mbaya'. Akitema mate, pigeni deki. Akilia, mpeni kiti, msimwambie anyamaze. Kisha anayefuata, na anayefuata. Vyombo vyote vilivyogusa ng'ombe vitoke, miiko, makarai, na ile sufuria kubwa ya yule mama. Ndiyo, Mkubwa. Nayo. Mnadhani mimi hainiumi?

Wasiporudi, fungeni jiko, pauzwe viatu. Akirudi hata mmoja, mpikieni. Viazi vichemshwe na maganda yake, vimenywe vingali vya moto, vivunjwe kwa mkono... kisu kisiviguse... ili vingine vibaki vipande, vingine viyeyuke, viwe ndiyo uzito wa mchuzi. Mafuta yashike moto. Haradali. Zikipasuka nusu, si zote... ngoja, nipumue... mvuje, kiasi cha punje moja ya dengu. Ukizidi mchuzi unakuwa mchungu. Majani ya mchuzi, tangawizi, pilipili mbichi, manjano. Viazi. Maji... maji ya moto, si baridi. Basi. Ndiyo siri yote niliyokufukuzia nje miaka yote hiyo, na haijai kiganja.

Mungu awalinde. Awapeni watoto wasiowaogopa. Nawabariki nikiwa bado nimewakasirikia... pokeeni hivyo hivyo, baraka nyingine sina. Mwalimu hufika saa kumi na mbili na nusu. Asigonge yeye. Akifika... awakute mmesimama.