Pacha wa Kwenda Kupimwa

Benchi lile la kahawa limeegemea ukuta wa duka la fundi cherehani, na usipojichunga, wakaaji wake watakutibu kabla hujaumwa. Fundi mwenyewe wanamwita Sindano. Huu ni mwezi wa nane tangu moyo wake uchoke. Akipanda ngazi tatu anatafuta pa kushika. Kesho asubuhi anakwenda kliniki kutembezwa koridoni dakika sita. Daktari atahesabu mita, ataangalia pumzi, kisha atakadiria moyo huo unaelekea wapi. Hilo la unaelekea wapi limemnyima Sindano usingizi siku nne.

— Siri ni mwendo, alisema Breki, dereva mstaafu. Dakika ya kwanza usikanyage mafuta. Nenda mdogo mdogo.

— Akienda mdogo mdogo mita zinapungua, akadakia Wembe, kinyozi wa jirani. Mita zikipungua, ndiyo basi tena. Mjomba wangu alipimwa hivyo hivyo, mwezi haukuisha.

— Mjomba wako aligongwa na baiskeli, bwana.

— Baada ya kupimwa.

Sindano alikoroga kahawa isiyo na sukari. Alikuwa anaogopa, tena sana, na hakuna aliyemuuliza.

— Basi apige vikombe vitano kabla ya kuingia, alisema Breki. Injini iwe ya moto.

— Utamuua mlangoni, Wembe akakataa. Sikilizeni mimi. Sindano ana pacha, au hana? Sura moja, urefu mmoja, ila mwenzake anacheza mpira mpaka leo. Apewe kadi ya kliniki, avae shati la huyu, akatembee yeye. Daktari atachoka kuhesabu.

Benchi likaafiki kwa heshima. Hata Sindano, Mungu amsamehe, alijikuta anawaza ni shati gani.

Mama mmoja aliyefuata sare yake ya kazi alikuwa amesimama mlangoni, anasikia yote.

— Samahanini, kaka zangu. Huyo pacha akishatembea vizuri, daktari atamtibu nani?

Breki akamtazama Wembe. Wembe akachungulia ndani ya birika.

— Korido hiyo ya kliniki naipiga deki mimi, mama akaendelea.

— Na nikishindwa njiani? Sindano aliuliza.

— Unasimama, unashika ukuta, unavuta pumzi, unaendelea. Wanataka kujua dawa waiongeze au waibadilishe, watajuaje usipotembea wewe? Kuna bibi mmoja mwaka jana alisimama mara tano. Wakambadilishia dawa, wakampa na mazoezi. Juzi kapita moja kwa moja, hakusimama hata mara moja, kanikanyagia sakafu mbichi. Nilitaka kumgombeza, furaha ikanizidi.

Sindano akainuka, akaingia dukani kumtolea sare yake, akarudi akihema kidogo.

— Basi niwie radhi mapema, mama, alisema. Kesho nakuja kuikanyaga sakafu yako mimi mwenyewe.