Wivu wa Bi Rukia katika Duara la Dhikri

Wasikilizaji wapendwa, Bi Rukia binti Halfani hatunaye tena. Alifariki Jumamosi iliyopita nyumbani kwake Kihesa, mjini Iringa. Ni yule Bi Rukia aliyewakusanya wanawake kila Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, kwa dhikri.

Wengi mnamjua kwa sifa hiyo. Lakini binti yake, Shamsha, ametusihi tusimfiche mama yake. "Msimpake rangi," anasema. "Mama alikuwa na wivu, na mwenyewe aliusema."

Duara lilianza mwaka 1951. Wanawake watano, mkeka mmoja. Walikaa goti kwa goti. Kwanza walinyamaza, kila mmoja akiisikiliza pumzi yake mpaka mambo ya jikoni na ya mume yatulie kichwani. Kisha Bi Rukia alilitaja jina la Mwenyezi Mungu, taratibu, nao wakamfuata. Pumzi ndani, pumzi nje. Aliyefiwa alikuja hapo. Aliyeachwa alikuja hapo. Hakuna aliyeulizwa kitu. Baada ya miaka minne walikuwa arobaini.

Mwaka 1955 akaja Mwantumu binti Matano, mjane kutoka Mbeya. Hakuwa na sauti nzuri wala maneno mengi. Lakini utulivu alikuwa nao! Akikaa, amekaa. Inzi akimtua puani, shauri lake inzi. Basi wanawake wakaanza kugombea nafasi ya kukaa karibu naye. Bi Rukia akawa anafumba jicho moja. La pili linahesabu nani kahamia upande ule.

"Wanamfuata Mungu au wanamfuata Mwantumu?" alimwuliza bintiye huku akipepeta mchele kwa hasira, hata nusu ukaishia chini.

Alhamisi moja wivu ukamzidi. Aliipeleka dhikri mbio, apate kumshinda Mwantumu kwa pumzi. Mwantumu hakushindwa. Aliyeshindwa ni Bi Mwanakhamisi, mzee mwenye pumu. Alianguka ubavu, kifua kikimlia filimbi. Mwantumu akamwinua, akamwekea kiganja mgongoni, akapumua naye polepole. Duara zima likapumua nao. Hata Bi Rukia, bila kupenda, alijikuta anaifuata pumzi ya Mwantumu. Hilo ndilo lililomchoma.

Walipotawanyika alimwambia, "Usirudi hapa. Umeniharibia watu wangu."

"Haya, dada," Mwantumu akaitikia, akaenda zake.

Alhamisi iliyofuata wanawake walikuja. Walikaa. Walinyamaza, lakini macho yote yalikuwa mlangoni. Bi Mwanakhamisi ndiye aliyevunja kimya.

"Rukia, mwanangu, siku ile nilipokosa pumzi, wewe ulikuwa unamtazama nani?"

Bi Rukia alisimama, akaliacha duara limekaa, akakata mitaa miguu mitupu katika baridi ya Juni. Alimkuta Mwantumu anachambua maharage.

"Inuka twende."

"Wivu umekwisha, dada?"

"Uishe wapi! Ninao mpaka kwenye kucha. Inuka, mwenzangu, wanakungoja."

Mwantumu alicheka hata ungo ukamtoka mapajani. Wakaenda pamoja.

Tangu siku ile waliongoza kwa zamu: Alhamisi hii Bi Rukia, Alhamisi ile Bi Mwantumu. Wivu haukwisha. "Kila zamu ya Bi Mwantumu, mama alirudi nyumbani amenuna," anasema Shamsha. "Na kila zamu ya Bi Mwantumu, mama ndiye aliyemtandikia mkeka."

Alhamisi hii ilikuwa zamu ya Bi Rukia. Bi Mwantumu ameombwa aishike. Alilia, kisha akasema, "Nitaongoza. Ila safari hii mwenye wivu ni mimi. Amenitangulia kufika."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Shamsha, na jamaa wote, na wanawake wa duara la Kihesa. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Rukia binti Halfani.

Nawe unayetusikiliza, yupo mtu ambaye utulivu wake unakuuma. Unamjua kwa jina. Usingoje wivu uishe ndipo umwendee.