Upepo au Pepo

Kijiwe chetu kiko Gongo la Mboto, mbele ya banda langu la kutengeneza feni, ndiyo maana wananiita Pangaboi. Benchi ni langu, na nalisema hilo mapema kwa sababu kuna watu wanalikalia kama walirithi. Kahawa ni ya dada Hamida, kashata ni zake, na ukali wote wa hapa ni wake. Mti hatuna. Tuna turubai la bluu, na jua likishafika saa nne linapita kwenye hilo turubai kana kwamba tumetundika chandarua. Hapo ndipo Jumamosi tulipokaa kulitatua suala la Fundi Alfonsi, mchonga vinyago, mtu wa Masasi, rafiki yetu. Jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho. Daktari amekataa kulipasua mpaka presha ishuke, na presha haitaki kushuka. Wiki ijayo anarudi kupimwa. Ikikutwa bado iko juu, upasuaji unasogezwa tena, na jicho halisubiri. Mchonga vinyago bila macho anachonga vidole vyake. Daktari, kijana mpole, kamwandikia vidonge, halafu kamwambia: mzee wangu, Pugu si hapo tu kwenu? Nenda msituni mara kwa mara, tembea taratibu, kaa kwenye miti, upunge upepo. Vidonge Alfonsi anameza. Ugomvi uko kwenye msitu, maana mkewe anasema daktari kaagiza mumewe akapungwe pepo.

— Tatizo ni herufi moja tu, — alianza Mzee Revelian. Huyu tunamwita Muhuri. Amegonga mihuri serikalini mpaka kastaafu, na hadi leo akisema jambo analithibitisha kwa kujigonga paja. — Herufi U. Daktari kasema upepo, mama kasikia pepo.

Paa! Paja likagongwa.

— Mama Benja hana shida ya masikio, — Hamida akasema huku akimwekea Alfonsi kikombe mkononi. — Yule anaimba kwaya. Mtu wa mstari wa nyuma akikosea, yeye mbele anamtaja kwa jina.

— Sasa kasikiaje pepo?

— Si mumuulize mumewe, huyo hapo!

Alfonsi akapuliza kahawa.

— Tulikuwa wote ndani, — akasema. — Tumetoka tu nje kaniambia, "Mume wangu hapungwi pepo, sie Wakatoliki." Nikamwambia mama, ni upepo. Kasema upepo na pepo ukoo mmoja, huendi. Basi. Mpaka leo.

Tukacheka mpaka benchi likalia. Mie nilicheka zaidi, nalikubali hilo.

— Lakini tuwe wakweli, — akaingia Nikodemu. Huyu ni dereva wa bodaboda, na jina lake la kijiweni ni Mwendokasi, kwa sababu abiria wake wakichelewa kazini huwa wanashuka wakamalizia kwa miguu. — Msitu unatibuje presha? Kidonge naelewa. Unakimeza, kinashuka, na presha inashuka nacho. Mti unaumezaje?

— Hewa, kijana! — Muhuri akasema. — Hapa unavuta nini? Vumbi, moshi wa malori na manukato yako wewe. Moyo unafanya kazi ya mioyo miwili. Msituni hewa imechujwa na majani, moyo unapumzika. Hii ni sayansi.

Paa!

— Upepo ni upepo, — nikasema mie. — Kama shida ni upepo, feni ninazo.

— Pangaboi, usianze.

— Nimeshaanza. Alhamisi nilimkalisha Alfonsi hapo ndani. Nikawasha feni ya mezani namba tatu. Mbele ya feni nikapanga ndoo mbili za mchaichai za Hamida, ili upepo upite kwenye majani kwanza ndiyo umfikie. Msitu gani huo unaoutaka zaidi?

— Kumbe wewe ndo ulichukua mchaichai wangu!

— Niliazima.

— Matokeo? — Muhuri akauliza.

Alfonsi akanijibia.

— Tulikwenda duka la dawa kupima. Imepanda.

— Imepanda kwa sababu feni ilikuwa inapiga kelele! — nikasema. — Beringi imekufa. Beringi ikibadilishwa utaniambia.

Nawajua hawa watu. Ukileta jambo la kufanya kwa mikono wanakucheka, ukileta maneno matupu wanakusogezea kashata.

— Hamna cha upepo wala nini, — Hamida akasema. — Ni rangi. Jicho likiona kijani linatulia. Jicho likitulia, damu inatulia. Ndo maana taa ya barabarani ikiwa ya kijani hamna mtu anayepiga honi.

— Mie napigiwa honi hata ikiwa ya kijani, — Mwendokasi akasema.

— Wewe kwa sababu huondoki.

— Sasa dada, kwa hesabu zako tumpakie nyumba rangi ya kijani ndani, mambo yaishe?

— Na shuka za kijani. Na sahani. Mchicha ale kila siku, aone kijani nje na ndani.

— Atageuka kinyonga huyo, — nikasema.

— Kinyonga ana presha? — Hamida akaniuliza, mikono kiunoni. — Ushawahi kumuona kinyonga ana haraka?

Mwendokasi akaona nafasi, akasogeza makalio mbele.

— Afadhali dada umewataja wanyama. Mie nasema ni kelele. Hapa ukikaa, huku singeli, kule singeli, juu ndege zinateremka Kipawa, simu inaita, mtu anataka umpeleke mahali. Msituni nani anakuita? Hebu mtazameni tumbili. Mmeshaona tumbili ana presha?

— Nani kampima? — Muhuri akauliza.

— Huhitaji kumpima mzee wangu, unamuona. Mtu mwenye presha hawezi kuning'inia kwa mkia.

— Mtu hana mkia, Mwendokasi.

— Ndo hapo tatizo lilipoanzia!

Wallahi nilitamani kumrushia kikombe, lakini Muhuri alikuwa ameshakolea. Mzee akikolea anavua kofia, na alikuwa ameshaivua.

— Sikilizeni niwaambie kitu ambacho hamkijui. Mti unapumua polepole mno. Pumzi moja asubuhi, pumzi moja jioni. Binadamu akikaa karibu na mti, moyo wake unaiga. Unaanza taratibu, taratibu, unafuata mwendo wa mti. Hiyo ndiyo siri ya msitu.

— Na akikaa sana? — Hamida akauliza.

— Akikaa mwezi mzima presha inaisha kabisa.

— Akikaa mwaka?

Muhuri akafikiri, mkono juu ya paja.

— Anaota majani, — nikamsaidia.

— Mnafanya mzaha, na kuna jambo kubwa hamjaliangalia, — Mwendokasi akasema, na uso wake ulikuwa umebadilika kweli. — Fundi Alfonsi ni mchonga vinyago. Maisha yake yote anakata miti. Sasa leo aende kwa ndugu wa marehemu awaombe dawa?

Hata mie niliona kijana amesema kitu.

— Miti inajuana, — akaendelea. — Mizizi inakutana huko chini, taarifa zinapita. Hapo Pugu wameshajua anakuja. Watampokea kwa shingo upande.

— Watampandisha presha makusudi, — Hamida akanong'ona.

— Si ndo hapo sasa!

— Miti ya Pugu haijui chochote kuhusu Masasi, — Muhuri akasema. — Huko ni wilaya nyingine kabisa.

Alfonsi akacheka, lakini kwa sauti ya chini.

— Mie nilikuwaga nikiona mti, naona kilichomo, — akasema. — Huu una mama na mtoto. Huu una wazee wamebebana. Sijaukata bado, nishawaona. Kwa hiyo nikienda msituni nitakuwa nimeenda kazini. Wote hao watakuwa wananiita, fundi nitoe, fundi nitoe.

— Basi usitazame juu, tazama chini, — nikamshauri. — Hesabu siafu.

— Fumba macho kabisa, — Mwendokasi akasema.

Alfonsi alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, kikombe chenyewe cha kidole kimoja.

Hapo ndipo Sesilia, yaani Mama Benja, alipotokea upande wa sokoni, kanga kiunoni, kapu la nyanya kichwani. Mwendokasi akashusha miguu kwenye benchi. Nasi tukakaa vizuri kidogo, maana mke wa mwenzako akikukuta unamjadili hutakiwi kukutwa umejilaza.

— Shikamoo mzee, — akamwambia Muhuri.

— Marahaba mwanangu. Karibu.

— Hamjambo, mashemeji.

— Hatujambo, shemeji! — tukaitika pamoja kama watoto wa shule.

— Vizuri umefika, — Muhuri akasema, sauti ya ofisini. — Tupo kwenye kikao kinachokuhusu. Shemeji, neno ni u-pe-po. Kupunga upepo ni kupata hewa. Kupunga pepo ni mambo ya ngoma na ubani. Umezuia tiba ya mumeo kwa sababu ya herufi moja.

Mama Benja akatua kapu chini, akafunga kanga upya.

— Najua, mzee.

— Unajua nini?

— Najua ni upepo. Nilikuwa nimekaa palepale. Daktari kasema upepo, kasema miti, kasema tembea polepole. Kasema hata ukifumba macho unafaidi, ubaridi, harufu ya udongo, ndege wakilia. Kasema wagonjwa wake wanaokwenda wanarudi na kulala vizuri. Nilimsikia vizuri sana yule kijana, na nilimpenda.

Tukatazamana. Mie nilianza kukasirika. Alhamisi yote nimebeba ndoo za mchaichai za watu!

— Sasa shemeji, — nikasema, — pepo lilitoka wapi?

— Lilitoka kwangu.

— Sesilia, — Alfonsi akaita. Aliita akiwa amegeukia upande ambao mkewe hakuwepo. — Sesilia, acha.

— Siachi, baba Benja. Nimechoka kuacha. — Akatugeukia. — Jicho la kulia nalo limefunga. Wiki ya tatu hii. Anaona mwanga, anaona mtu kasimama. Ni nani, hajui mpaka mtu aseme. Hapa kijiweni anakuja kwa kupapasa ukuta, na nyie mnamkaribisha, fundi karibu, fundi kaa, hamna hata mmoja aliyeona.

Nikakumbuka kwamba siku hizi Alfonsi hasalimii mpaka asalimiwe. Nilidhani ana maringo, na nilishamsema kwa watu. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka.

— Kaniambia nisiseme, — Mama Benja akaendelea. — Wateja wakijua, nani atamletea kazi? Wenzake wakijua, watamwonea huruma, na huruma haitaki. Haya. Mie nashinda sokoni, nisipokwenda hatuli. Benjamin yuko Mtwara kikazi. Sasa mtu haoni mzizi, haoni shimo, nimwache aende msitu wa Pugu peke yake? Na yeye alikuwa ameshafunga kamba za viatu! Anataka kwenda! Ndo nikasema pepo. Nilijua mtacheka. Nilijua mkishacheka ataona haya, atakaa nyumbani, angalau hatavunjika mguu.

— Mama Benja, mbona hukutuambia? — Mwendokasi akasema taratibu.

— Ningewaambia lini, shemeji? Kila nikipita hapa mko kwenye tumbili.

Hapo hata Mwendokasi hakucheka. Muhuri akavaa kofia yake, akaivua tena, akaitazama ndani kama kuna kitu kaandika humo.

— Lakini sasa presha... — mzee akaanza. — Kwa jinsi ninavyofahamu, ukosefu wa msitu nao...

— Mzee wangu, nakuheshimu, — Mama Benja akamkata. — Msitu unasaidia, wote tumekubali. Hewa, sawa. Rangi, sawa. Kelele, sawa. Sijapinga hata moja. Mie nauliza kitu kimoja tu, na ni kidogo. Kesho Jumapili. Nani anamshika mkono?

Lori likapita, vumbi likatufunika, likatulia. Mwendokasi alitazama pikipiki yake. Muhuri alikohoa, na kilikuwa kikohozi kikavu kisicho na maneno nyuma yake. Mie kichwani nilikuwa na feni ya mtu niliyoahidi kuimaliza, na mgeni anayekuja saa sita, na goti langu ambalo kwenye mlima halinisikilizi. Yote hayo ni kweli. Nilifungua mdomo niyaseme, nikaona Alfonsi amegeuza uso upande wetu, anasubiri, anajaribu kutupata mmoja mmoja kwenye ule mwanga wake. Nikaufunga.

Mama Benja akasubiri. Halafu akainamia kapu lake, akajitwisha kichwani, akampa mumewe kiwiko. Alfonsi akakishika. Wakaondoka kando ya ukuta, yeye akiinua miguu juu kuliko inavyohitajika, na tukamwangalia hivyo mpaka wakakata kona.

— Yule mama naye, — Mwendokasi akasema mwishowe. — Angetuambia mapema, si tungeshapanga?

— Tungepanga, — Muhuri akasema.

— Tungepanga kabisa, — nikasema mie.

Hamida akainuka. Akapita kwa kila mmoja akitunyang'anya vikombe, hata changu ambacho nilikuwa sijakigusa, akakimwaga vumbini.

— Kahawa imeisha.

— Dada Hamida, si birika hilo hapo linafuka?

— Nimesema imeisha, — akasema. — Mmeulizwa nani anamshika mkono.